Amplifaya inashusha breka kila ukiiwasha: namna ya kulitafuta tatizo na kulimaliza, hatua kwa hatua

Umetoka kuswali Isha, umekaa ukumbini, unabonyeza swichi ya amplifaya. Ta! Feni ya pembeni inapunguza mwendo mpaka inasimama, friji inanyamaza, TV imekufa. Taa ya juu bado inawaka. Unakwenda kwenye boksi la breka na tochi ya simu, unaipandisha iliyoshuka, unarudi unabonyeza swichi ile ile, na safari hii amplifaya inawaka bila taabu. Taarab inapiga mpaka saa sita usiku. Kesho ni hivyo hivyo, au zinapita siku tatu salama, ya nne inakata tena.

Ndiyo yaliyonikuta nilipohamia nyumba ya kupanga Mwanakwerekwe, Unguja, na amplifaya yangu ya mtumba, zito la kubebwa na watu wawili. Fundi niliyemwita aliitazama breka ya ampia 16, akasema, "Hii ndogo, bwana," akaweka ya 32 juu ya waya ule ule. Kweli, haikushuka tena. Baada ya wiki chache mke wangu akaniita nitazame soketi ya ukumbini: imegeuka rangi ya kahawia na inanuka plastiki iliyoungua. Watoto watatu walikuwa wakilala chumba cha pili. Toka siku ile nimelifuatilia jambo hili mpaka nikalielewa. Breka inayoshuka pale tu unapowasha amplifaya mara nyingi ni nzima, na amplifaya nayo ni nzima. Kibaya ni mkupuo wa umeme unaoingia kwa mara moja, na huo ndio wa kupunguzwa. Breka mwache afanye kazi yake.

Hatua ya kwanza: jua ni kipi kilichoshuka

Watu wengi husema "umeme umekata" bila kutazama. Fungua kifuniko cha boksi utazame vizuri, ikiwezekana upige picha kwa simu kabla hujagusa kitu.

Breka za kawaida ni zile nyembamba zilizopangwa safu, zimeandikwa herufi na namba: B16, C20, B6. Kila moja ina eneo lake, taa au soketi au pampu ya maji. Kando yao, kama nyumba imefungwa umeme vizuri, kuna kifaa kipana zaidi chenye kitufe kilichoandikwa T, na usoni kimeandikwa 30 mA au 0.03 A. Hiyo ndiyo RCD. Breka ya kawaida hushuka kwa sababu umeme uliopita ni mwingi mno. RCD haijali wingi. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ukipotea kidogo njiani inakata. Ni magonjwa mawili mbalimbali, na dawa ya moja haitibu lingine. Iliyoshuka ikiwa RCD, ruka mbele mpaka sehemu yake, kisha urudi.

Hatua ya pili: jua inashuka wakati gani

Chukua daftari la skuli, uandike kwa wiki moja: siku, saa, nini kilikuwa kinawaka, na breka ilishuka baada ya muda gani. Usidharau daftari hili. Litakuepusha na fundi wa kubahatisha.

Ikishuka sekunde ile ile ya kuwasha, na mara nyingine isishuke, huo ni mkupuo. Ikishuka sekunde ile ile kila mara bila kukosa, shuku shoti ndani ya amplifaya au kwenye waya wake. Ikishuka baada ya dakika ishirini au saa nzima, breka imepata moto kwa mzigo uliozidi, na hapo amplifaya husingiziwa tu. Piga hesabu: pasi ya wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 8.7. Birika la umeme la wati 2,000 ni 8.7 nyingine. Kiyoyozi cha wati 1,000 ni 4.3. Jumla ni karibu ampia 21.7 kwenye breka ya 16. Haitakata papo hapo, maana breka hustahimili mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, lakini itachemka taratibu mpaka ishuke. Muziki wa kawaida wa nyumbani, hata kwa amplifaya kubwa, ni nadra kuvuta zaidi ya wati mia moja au mia mbili kwa wastani. Ondoa pasi, si muziki.

Kuna na breka inayopata moto hata mzigo ukiwa mdogo. Hiyo skurubu yake imelegea au imeota kutu, na huku pwani hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Fundi azime umeme wote, aisafishe na kuikaza.

Hatua ya tatu: hakikisha amplifaya ni nzima

Chomoa amplifaya, breka ipandishwe, nyumba iendelee na shughuli zake siku mbili. Breka ikishuka na amplifaya haipo, umeshapata jibu: utafute kwingine.

Isiposhuka, tazama fyuzi mbili. Ya kwanza imo ndani ya plagi ya pini tatu za bapa. Ya pili iko nyuma ya amplifaya au ndani yake. Ya ndani isomwe herufi zake: T maana yake ni fyuzi ya kuchelewa, F ni ya haraka. Amplifaya yenye transfoma kubwa kwa kawaida hutaka T, kwa sababu watengenezaji wanaujua mkupuo. Ukikuta mtu ameweka waya wa shaba mahali pa fyuzi, usiiwashe hata kidogo mpaka irudishiwe fyuzi ya kipimo kilichoandikwa kwenye bodi.

Halafu iko taa ya mfululizo. Mafundi redio wazuri wote wanayo. Ni globu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100 (LED haifai), iliyofungwa ili umeme uipitie globu kwanza ndipo ufike kwenye amplifaya. Amplifaya nzima ikiwashwa hivyo, globu inamulika mara moja kisha inafifia. Yenye shoti, globu inabaki inang'ara. Kama amplifaya yako inaishusha breka ya nyumbani lakini kwa fundi globu imefifia vizuri, huna haja ya kubadilisha kitu ndani yake. Hiki ni kipimo cha fundi mezani kwake. Usikiunge nyumbani kwa nyaya za kusokota, maana volti 230 huua.

Kwa nini mara inashuka, mara haishuki

Hapa panafaa kueleweka, kwa sababu ndipo watu wanapochanganyikiwa na kutumia pesa bure.

Amplifaya nzuri nyingi, hasa zile za miaka ya 1980 na 1990 na baadhi ya mpya, zina transfoma ya duara iliyo wazi katikati, kama kata ya kubebea ndoo kichwani. Mafundi wanaiita toroidi. Ni nzuri, haivumi sana, lakini chuma chake hushiba usumaku kwa urahisi. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Kidole chako kikibonyeza swichi wakati volti iko kileleni, karibu 325, chuma kinaanza kazi kwa utulivu. Kikibonyeza wakati volti iko sifuri, usumaku unajikusanya upande mmoja kwa nusu mzunguko mzima, chuma kinashiba, na koili inapoteza ule uwezo wake wa kuuzuia umeme. Kinachobaki kuzuia ni ukinzani wa waya tu, na huo ni omu chache (omu ndicho kipimo cha ukinzani). Juu ya hayo, chuma huwa kimebakiwa na usumaku wa mara ya mwisho ulipoizima. Ukielekea upande ule ule, hali inazidi.

Tupige hesabu. Amplifaya ya VA 500 (yaani volti mara ampia) kwa kawaida inavuta ampia 2 na kitu. Waya wa transfoma na wa nyumba kwa pamoja ukiwa na omu 3, ukomo wa juu wa mkupuo ni 325 gawanya kwa 3, yaani ampia 108. Haifiki huko kila mara. Lakini hata nusu yake, ampia 54, inatosha. Breka ya B16 hukata papo hapo mahali fulani kati ya ampia 48 na 80. Kapasita kubwa za ndani, yaani vidude vya kuhifadhi umeme, nazo zikiwa tupu zinataka kujazwa dakika hiyo hiyo. Yote haya yanapita kwa muda wa chini ya kufumba jicho, sehemu moja ya mia ya sekunde, na sumaku ya breka imeshaona.

Kwa hiyo kuzungusha sauti mpaka sifuri kabla ya kuwasha hakusaidii breka. Kunazisaidia spika zako tu.

Hatua ya nne: jaribu yasiyo na gharama

Washa kwa zamu. Ukiwa na sabufa yenye umeme wake, mikisa na amplifaya mbili kwenye ekstensheni moja, usiwashe yote kwa swichi ya ukutani. Vitu vidogo kwanza, kisha amplifaya ya kwanza, hesabu mpaka tano, kisha ya pili.

Hamisha soketi. Kama nyumba ina breka mbili za soketi, ipeleke amplifaya kwenye ile isiyo na friji wala pampu. Kompresa ya friji na mota ya pampu nazo zina mkupuo wao wakati wa kuanza.

Mwenye amplifaya kutoka Japani au Marekani ana kazi ya ziada. Japani umeme wao ni volti 100, Marekani 120, kwa hiyo lazima transfoma ya kushusha, na hiyo transfoma yenyewe inaweza kushusha breka hata amplifaya ikiwa imezimwa. Ikiwa unanunua, chagua ile ya mraba yenye mabati yaliyopangwa. Ni nzito na inavuma kidogo, lakini mkupuo wake kwa kawaida ni mdogo kuliko wa duara.

Yako yakiisha kwa haya, usitoe hata shilingi.

Hatua ya tano: kianzio cha polepole

Hii ndiyo tiba yenyewe, nami ndiyo niliyoishia nayo. Ni kisanduku au bodi ndogo inayokaa kati ya umeme na transfoma. Umeme unapoingia unapitishwa kwanza kwenye rezista nene, kidude cha kuubana umeme. Baada ya nusu sekunde hivi mpaka sekunde moja, relei, swichi inayojifunga yenyewe kwa sumaku, inafunga na kuiruka ile rezista, amplifaya inapata umeme wake kamili. Kwa rezista ya omu 47, umeme wa juu kabisa unaoweza kupita ni 325 gawanya kwa 47, karibu ampia 7. Breka ya ampia 16 hata haishtuki. Kwa amplifaya kubwa zaidi hutumika omu 33, na mkupuo unakuwa karibu ampia 10.

Mwambie fundi mambo matatu. Rezista iwe ya wati 10 au zaidi, ikae mbali na plastiki, na karibu yake pawe na fyuzi ya joto, kwa sababu relei ikikwama wazi rezista itabeba mzigo wote na kuungua. Relei iwe na uwezo wa ampia 10 kwa volti 250, isipungue. La tatu ndilo linalosahauliwa: umeme ukikatika na kurudi ghafla, kama tunavyoujua, relei iwe imeshaachia ili ianze upya na rezista. Bodi zisizofanya hivyo zinakuokoa jioni yenye utulivu tu.

Wengine hutumia thamista, kidude cheusi cha mviringo chenye ukinzani mkubwa kikiwa baridi na mdogo kikipata moto. Ni rahisi na inafaa amplifaya za kati. Lakini ukizima na kuwasha tena hapo hapo bado iko moto, haizuii kitu. Ingoje ipoe, dakika moja au mbili.

Kazi hii ni ya fundi anayejua. Kapasita za amplifaya kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya sita: kubadilisha breka, na mipaka yake

Kubadilisha herufi ni jambo moja, kubadilisha namba ni jambo jingine. B16 hukata papo hapo kati ya mara tatu na mara tano ya 16. C16 hukata kati ya mara tano na mara kumi, yaani ampia 80 mpaka 160. Kwa mzigo wa kawaida zote mbili zinaulinda waya sawasawa, ila C inauvumilia mkupuo. Kutoka B16 kwenda C16 kunaweza kumaliza tatizo bila kumhatarisha mtu, kwa sharti fundi apime ukinzani wa mzunguko mpaka soketi ya mwisho. Shoti ikitokea lazima ipatikane njia ya kupitisha hizo ampia 160, na 230 gawanya kwa 160 ni omu 1.4, yaani ukinzani wa mzunguko usizidi hapo. Nyumba yenye waya mrefu mwembamba kutoka kwenye nguzo inaweza isitimize, na hapo C itachelewa kukata siku ya shoti ya kweli.

Kupandisha namba, kutoka 16 kwenda 32 kama nilivyofanyiwa mimi, ni kuufanya waya wa ukutani ndio fyuzi. Waya wa 1.5 (milimita za mraba) ni wa taa, breka yake ya 6 au 10. Waya wa 2.5 kwa soketi, breka ya 16 au 20. Ya 32 kwenye 2.5 inakubalika pale tu waya umezungushwa na kurudi kwenye boksi kama pete, na nyumba nyingi za kupanga hazikufungwa hivyo. Fundi akikwambia "tuweke kubwa", muulize kwanza waya wa ukutani ni namba ngapi. Akishindwa kujibu, mshukuru na umtafute mwingine.

Iliyoshuka ikiwa RCD

RCD ya miliampia 30 inaruhusiwa kukata popote juu ya 15. Sasa, vyombo vyenye plagi ya pini tatu, amplifaya, kompyuta, mashine ya kufulia, kiyoyozi cha kisasa, vina vichujio ndani vinavyopeleka umeme kidogo sana kwenye waya wa ethi muda wote. Kila kimoja peke yake hakina neno. Vikijumlishwa vikafika miliampia 10 au 12, RCD imeshakaribia ukingoni, na amplifaya inapowashwa inaisukuma kidogo tu. Msimu wa masika unyevu unaongeza, na chumvi kwenye soketi ya nje au ya bafuni inaongeza tena.

Namna ya kumtafuta mkosaji: shusha breka zote, chomoa kila kitu nyumbani. Nasema chomoa, si kuzima swichi, maana swichi nyingi hukata waya mmoja tu. Pandisha RCD. Ikikataa kukaa wakati hakuna kitu, kosa liko kwenye nyaya au kwenye RCD yenyewe, na hapo ni kazi ya fundi mwenye kipimo cha insulesheni. Ikikaa, pandisha breka moja moja, kisha chomeka chombo kimoja kimoja, ukiacha dakika chache kati yao. Mara nyingi utamkuta si amplifaya. Kwa jirani yangu ilikuwa pasi ya zamani, kwa shemeji yangu Chake Chake ilikuwa soketi ya pampu iliyoingia maji. Ikithibitika kuwa ni jumla tu, dawa ni kuigawa nyumba kwenye RCD mbili au zaidi, kila moja na kundi lake.

Kuna ushauri unaozunguka kwa wapenzi wa muziki: kata waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya, RCD itatulia na mvumo kwenye spika utaisha. Nawasihi, msifanye. Nyumba zetu nyingi zinategemea fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini, na kwenye maweni, Makunduchi au Nungwi, fimbo haizami vizuri na mwamba ni mkavu. Tuseme ethi ina omu 50. Bati la nje la amplifaya likiguswa na waya wa moto, umeme utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50, ampia 4.6. Breka ya 16 haitajua kama kuna jambo. RCD peke yake ndiyo itakayokata, na ukiwa umekata waya wa ethi itangoja mpaka mtu ashike bati hilo. Kitufe cha T kibonyezwe angalau kila miezi sita. Kisipokata, RCD imekufa na ibadilishwe.

Umeme unapokatika na kurudi

Waliokuwapo Unguja mwaka 2008, tulipokaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, wanajua kwa nini nyumba nyingi zina jenereta na stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti. Pemba nayo ilitegemea jenereta za Wesha mpaka waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipowashwa 2010. Vifaa hivi vimebaki, na vinaingia katika habari yetu. Stabilaiza ina transfoma ndani, kwa hiyo ina mkupuo wake. Ikiwa amplifaya imo nyuma yake na swichi imeachwa imewashwa, umeme unaporudi vyote viwili vinavuta pamoja na friji na pampu.

Umeme ukikatika, zima amplifaya kwa swichi yake kabla hujatafuta mshumaa. Ukirudi, ngoja dakika tano, friji ianze, volti itulie. Washa stabilaiza peke yake, usikie relei zake zimenyamaza, ndipo uwashe amplifaya. Kwenye jenereta ndogo au inveta (ya kugeuza umeme wa betri), amplifaya yenye toroidi isiwashwe bila kianzio cha polepole. Jenereta itakohoa, inveta itajizima, na kosa utalitafuta kwenye breka ambayo haikuhusika.